Kutoa Ni Chini, Kuweka Ni Juu

Ulipita pale. Usiseme hukupita. Ilikuwa zahanati ya mama na mtoto, ile ya nyuma ya soko, na getini palikuwa na kufuli jipya na karatasi iliyobandikwa kwa gundi ambayo ilikuwa haijakauka. Ulisimama, ukasoma mstari wa kwanza, ukakutana na maneno "uzazi wa mpango", ukajisemea haya ni mambo ya akina mama, ukaenda zako kununua vocha. Kama hukuwa wewe, alikuwa ndugu yako, na mnafanana mpaka mwendo. Karatasi ilisema huduma zimehamishiwa hospitali kuu kwa utaratibu ulioboreshwa. Hukuuliza umeboreshwa kwa faida ya nani.

Zahanati ile haikuota kama uyoga. Mchanga wake ulibebwa na wanawake, kwa ndoo, kichwani, mwaka ambao wakubwa walisema gari la kubebea halipo. Wakati huo kulikuwa na amri kwamba mjamzito asiye na cheti cha ndoa asipewe kadi ya kliniki. Kabla ya hapo wasichana wa shule walikuwa wakipangwa mstari na kubonyezwa matumbo, wenzao wakitazama, na aliyekutwa na mimba alifungashiwa madaftari yake mchana huohuo. Amri hizo zilikufa, lakini hakuna iliyokufa kwa uzee. Kila moja ilikuwa na mtu aliyepiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Siku hizi kelele zimesahaulika, na wapo wanaodhani mambo yalijirekebisha yenyewe kama kidonda cha mtoto.

Mmoja wa waliotegemea zahanati hiyo ni msusi mwenye saluni mbele ya duka la vipuri. Saluni yenyewe ni chumba kimoja: viti viwili vya plastiki, kingine cha kuzunguka ambacho kimechoka kuzunguka, kioo chenye ufa kwenye kona, na beseni la kuoshea nywele lililofungwa kwa waya juu ya stuli. Anafanya kazi na mwenzake mwembamba kama ufito, ambaye wateja wanamwita Kimbaombao naye anaitika bila kinyongo. Msusi ana mume, fundi wa majokofu, na watoto wawili wa kike. Ana pia kovu refu chini ya kitovu, na kwenye mkono wa kushoto, upande wa ndani, chini ya ngozi, alikuwa na kijiti laini cha kuzuia mimba, saizi ya njiti ya kiberiti.

Kijiti hakikuwa anasa. Alipomzaa mtoto wa pili mfuko wa uzazi ulichanika, akavuja damu mpaka akaanza kuwaona watu wa chumbani kama wako upande wa pili wa bonde. Daktari alimshona. Alipoweza kukaa akamwambia kavukavu, na mume yupo: mimba nyingine itakuua. Hakusema huenda. Mume na mke walirudi nyumbani na mtoto, na njiani wakakubaliana neno moja, kwamba mama wa fundi asiambiwe. Wakamwambia mkwe wake alichoka kidogo tu, uchungu ulikuwa mrefu.

Walikuwa na sababu. Kaka mkubwa wa fundi alioa mke mzuri, mcheshi. Mke huyo akapata uvimbe, akatolewa kizazi. Mama mkwe alimtunza vizuri sana, alimpikia uji kwa mkono wake mwenyewe, na kidonda kilipofunga akamletea mke mwenza ndani ya nyumba ileile. Alieleza kwa upole kwamba hakuna ubaya, ni kusaidiana kazi. Yule mke hakucheka tena kwa sauti. Msusi aliliona jambo hilo kwa macho yake, akaliweka moyoni.

Basi akawa na kijiti na siri, na vyote viwili vilikuwa na adui mmoja.

Mama mkwe huyo hakusalimu kwa kiganja kama watu wengine. Alikushika mkono juu, karibu na kwapa, vidole vinne kwa ndani na dole gumba kwa nje, akakuminya taratibu huku akiuliza habari za watoto. Aliyeona kwa mbali angesema mama huyu ana mapenzi. Wakaza wanawe walijua anatafuta nini. Alikuwa amesikia redioni kwamba siku hizi wanawake wanafungwa uzazi mkononi, na tangu siku hiyo hakuna mkono wa mwanamke wa ukoo uliopita bila kukaguliwa. Saluni walimwita Polisi wa Mikono. Kila alipokanyaga kizingiti msusi alitumbukiza mikono yote miwili kwenye mafuta au dawa ya nywele, akaiinua juu kama mtu aliyetekwa.

"Shikamoo mama. Nisikuchafue."

"Marahaba. Kila nikija una mafuta."

"Ndiyo kazi, mama."

Ikawa hivyo miaka. Halafu ndiyo zahanati ikafungwa.

"Wamehamisha," Kimbaombao alisema siku hiyo, akitenganisha nywele za mteja kwa mkia wa kitana. "Hospitali kuu. Na uende na mume, asimame mwenyewe, ahojiwe."

"Na asiye na mume?" aliuliza mteja, shingo imepinda.

"Akaazime."

"Mimi wangu nikimpeleka hospitali ataomba alazwe yeye."

"Wa kwangu mimi," alidakia mwingine aliyekuwa akisubiri, "hajui hata mtoto wake yuko darasa la ngapi. Atahojiwa nini?"

Walicheka. Msusi alicheka kidogo kuliko wenzake. Kimbaombao akamtazama kupitia kioo.

"Chako kinaisha lini?"

"Karibu. Mwezi ujao hakina nguvu."

"Basi mkamate fundi wako mapema. Mbebe na vifaa vyake hivyohivyo, kabla hajakaa kumwaza mama yake."

Fundi hakukataa. Alikuwa mume mwema kwa kipimo cha mtaa: halewi, harushi mkono, na mtoto akiugua anakesha. Alinyoa ndevu, akavaa shati la kutokea, wakaenda.

Ghorofa ya juu ya hospitali kuu palikuwa na benchi refu na mlango ulioandikwa Ushauri wa Familia. Wanaume waliokaa pale walikuwa wameshusha kofia na kuzamisha nyuso kwenye simu, kila mmoja akijifanya amemsindikiza mtu mwingine. Kati yao alikuwepo mwenye bucha, jirani wa mama mkwe ukuta kwa ukuta, ambaye majokofu yake yote yanatengenezwa na fundi. Walisalimiana kwa sauti ya chini, kama watu waliokutana mahali pabaya.

Mlango ule haufungwi. Ni sehemu ya utaratibu, ili watu wasiseme mambo yanafanywa gizani. Kwa hiyo linalosemwa ndani linasikika benchini, na la benchini linashuka ngazi lenyewe.

Mshauri alikuwa mtu mpole. Hili watu hawapendi kulisikia, wangependa awe na pembe. Shati jeupe, kucha safi, sauti ya kubembeleza. Nyuma yake palining'inia picha ya familia yenye watoto wengi wenye meno mazuri.

"Bwana, karibu sana. Mmejaliwa watoto wangapi?"

"Wawili."

"Wawili tu. Wa kiume?"

"Wa kike wote."

"Aa. Na umeridhika?"

"Kaka," msusi alisema, "mimi nina tatizo. Uzazi wangu wa mwisho..."

"Mama, zamu yako itafika. Utaratibu ni kumsikiliza bwana kwanza." Akamgeukia fundi tena. "Hebu niambie kiume, bwana. Hili wazo la kijiti umelitoa wewe, au uliletewa likiwa limeshaiva?"

Fundi alitazama mlangoni. Mwenye bucha alikuwa ameiweka simu mapajani na kukaa kimya kama mtu anayesubiri mizani itulie. Neno moja tu lilitakiwa pale ndani, kwamba mke wangu amechanika, akishika mimba nitamzika. Fundi alikuwa nalo mdomoni. Akaona jinsi litakavyotoka mlangoni, litakavyopita buchani, litakavyoruka ukuta, na mama yake akifungasha khanga zake kwenda kumtafutia mwanawe mwanamke mzima. Akacheka kile kicheko cha wanaume wakibanwa.

"Tulikuwa tunaulizia tu," alisema. "Tutakwenda tukakae kifamilia, halafu tutarudi."

"Naam! Hayo ndiyo maneno ya baba wa nyumba."

"Mimi sijasema," msusi alisema.

"Bwana ameshasema mtakaa, mama. Kakaeni. Haraka ya nini?"

Wakashuka. Chini, penye maegesho ya pikipiki, msusi alisimama.

"Umeniuza."

"Mama watoto, yule jamaa wa bucha..."

"Nimemwona."

"Ningesema pale, mama angekuwa nayo kabla hatujafika nyumbani."

"Na mimi nikifa ataipata lini?"

Fundi alipangusa mikono kwenye suruali ya kutokea kana kwamba ina grisi. Alisema kuna jokofu la duka la maziwa linavuja gesi, anasubiriwa, watayaongea jioni. Jioni waliongea mambo ya ada.

Mwenye bucha hakuwa na siri ya kuuza, alikuwa na kipande tu. Lakini kipande kilitosha. Kesho yake asubuhi mama mkwe alikuja saluni bila taarifa wala kubisha hodi, na msusi alikuwa kwenye beseni anamsuuza mteja, mikono imelowa maji matupu, imeinuka. Hakuwahi hata kugeuka. Vidole vinne vilimshika kwa ndani.

"Habari za watoto?" mama mkwe aliuliza, na mkono ukasimama. Ukaminya. Ukaenda mbele na kurudi nyuma, kama anayetafuta mfupa kwenye samaki. "Hiki nini?"

Maji yalikuwa yakitiririka kwenye shingo ya mteja. Hakuna aliyethubutu kumfunika taulo.

"Hiki nini, nakuuliza?"

"Ni msuli, mama," Kimbaombao alijaribu. "Sisi wasusi mikono inakomaa."

"Wewe nyamaza, huna hata nyama ya kukomaa." Hakumwachia. "Nimehangaika na dua, nimekesha, nimemlaumu Mungu bure, kumbe mjukuu wangu umemfungia hapa mkononi kama hirizi? Vaa viatu. Tunakwenda kukitoa sasa hivi."

Msusi angeweza kukataa. Ni mtu mzima, ana mdomo, na wateja walikuwa upande wake. Kimbaombao alishakamata kitana kama panga. Lakini msusi alipiga hesabu yake kimoyomoyo. Zahanati ya zamani, kutoa na kuweka ilikuwa kazi moja. Nesi yuleyule, meza ileile, tundu lilelile: cha zamani kinatoka, kipya kinaingia, plasta, nenda ukasuke. Ndivyo alivyofanyiwa mara ya kwanza kilipoisha. Akaona kwamba mama mkwe, kwa hasira zake, anampa njia ya kuingia chumba cha vijiti bila kupitia benchi la wanaume. Atalala, kitatoka, atamnong'oneza nesi, kingine kitaingia, bandeji itafunika vyote. Mama mkwe atarudi nyumbani ameshinda na yeye atarudi mzima. Karibu atabasamu.

Akavaa viatu.

"Umerogwa?" Kimbaombao alimnong'oneza.

"Niache. Najua ninachofanya."

Hospitali kuu, kutoa ni chini. Kuna mshale ukutani, mkubwa, wa rangi ya kijani, na chumba hakina foleni wala benchi. Mlango ulikuwa unafungwa vizuri. Nesi alikuwa msichana mchangamfu anayetafuna bazoka.

"Tunatoa?"

"Mnatoa," alijibu mama mkwe.

"Mkono gani? Lala hapa, dada."

Hakumuuliza mama mkwe yeye ni nani. Hakuuliza mume yuko wapi, wala kama wamekaa kifamilia, wala sababu. Akapiga ganzi, akakata padogo, akabonyeza, akavuta. Mama mkwe alisimama pembeni na mkoba kifuani mpaka alipokiona kijiti kwenye kisahani, chembamba, kimetapakaa damu. Akaguna, akatoka kwenda kumsubiri kwenye korido.

Ndipo msusi akainua kichwa. "Dada. Niwekee kingine haraka, kabla hujafunga."

Nesi akaacha kutafuna. "Kingine?"

"Tundu hilohilo. Kama zamani."

"Zamani wapi?"

"Nyuma ya soko."

"Aa, kule. Huku si hivyo. Kuweka ni juu, na mume. Mimi hapa sina hata kimoja, dada, vyote viko juu kabatini na ufunguo anao mshauri."

"Basi nirudishie hicho. Kina wiki kadhaa bado."

Wote wawili wakakitazama kisahani.

"Kikishatoka kimetoka," nesi alisema kwa huruma ya kweli.

"Mbona hukuniambia kabla hujakata?"

"Hukuuliza. Na sisi tumeambiwa anayekuja kutoa tusimchoshe na maswali."

Akamfunga bandeji nyeupe, nzuri, akamwambia asiloweshe maji. Hakuona kwamba fulana ya msusi ina jina la saluni, na kazi ya saluni ni maji.

Korido ilikuwa na viti vya chuma vilivyoshikana. Mama mkwe alikuwa amekalia cha mwisho, uso umetulia, ameshakwisha kusamehe. Alipiga kiti cha pembeni kwa kiganja.

"Kaa, mwanangu. Inauma? Itapoa. Mimi sina ugomvi na wewe. Nyie watoto mnadanganywa. Mwaka huu haukatiki, utaniletea kijana."

Msusi alikaa. Alichosema alikisema bila kupaza sauti, akitazama ukuta wa mbele.

"Mama, nikishika mimba nakufa."

"Kila mwanamke husema hivyo."

"Mimi nimeambiwa na daktari. Tumbo langu lilichanika kwa huyu mdogo. Nilishonwa. Nililetewa damu ya watu wengine. Nikibeba tena panafumuka."

"Ulichoka kidogo. Mwanangu aliniambia."

"Tulikudanganya."

Mama mkwe alifungua mkoba, akatoa simu, akampigia mwanawe, akaweka sauti ya nje. Upande wa pili palisikika mashine ikinguruma, halafu ikazimwa.

"Mkeo anasema alichanika tumbo. Kweli au uongo?"

Mama akaitazama simu kuona kama imekatika.

"Kweli, mama."

"Akizaa tena?"

"Hazai tena, mama. Anakufa."

"Mbona hamkuniambia?"

Msusi ndiye aliyejibu, pale pembeni yake, bila chuki.

"Ungeniletea mke mwenza."

Mama mkwe hakukana. Hilo linafaa kusemwa, kwa sababu wengi katika nafasi yake wangeapa. Alikata simu, akairudisha mkobani, akafunga zipu polepole mpaka mwisho. Mkono wake ulikwenda kwenye bandeji, ukaishia hewani. Halafu akainuka.

"Kuweka ni wapi?"

"Juu. Lakini wanataka mume."

"Twende."

Magoti yake ni mabovu. Alipanda ngazi kwa mguu mmoja mmoja, ameshika chuma, na alipofika benchini wanaume wakampisha bila kuombwa. Aliingia kwa mshauri bila zamu. Mshauri akasimama, akampa kiti chake mwenyewe. Malezi anayo.

"Karibu mama yangu. Tukusaidie nini?"

"Mwekee mkwe wangu kijiti."

"Bwana wake yuko wapi?"

"Bwana wake nimemzaa mimi. Nimemnyonyesha, nimemsomesha, nimemwoza. Nasema kwa niaba yake."

"Tunakuheshimu sana, mama. Lakini anatakiwa bwana mwenyewe."

"Sasa hivi, hapo chini, nimesema toeni, mmetoa. Hakuna aliyeniuliza mimi nani."

"Kutoa hatuulizi, mama."

"Kwa nini?"

"Kutoa hakuna madhara."

"Nani kakwambia? Huyu tumbo limeshonwa. Akishika mimba tunamzika. Hilo si madhara?"

"Hayo ni ya kitaalamu, mama yangu. Mimi hapa ni ushauri tu."

"Basi nishauri."

Benchini mtu alikohoa. Mshauri alitabasamu, akapanga karatasi zake zikae sawa.

"Mama, usilichukulie vibaya. Wewe ni mwanamke mwenzake. Hamwezi kuja wanawake wawili mkaamua jambo la nyumba ya mwanamume."

Mama mkwe huyu alikuwa ameamua mambo ya nyumba za wanaume watatu, mumewe na wanawe wawili. Aliozesha, akavunja, akaleta. Hakuna mlango wa ukoo uliowahi kumshinda. Na hapa palikuwa na kijana mwenye kucha safi anayemwambia kwamba neno lake linafaa ghorofa ya chini, juu halifiki. Aliinuka kwenye kiti alichopewa.

"Kumbe nilipomleta huyu kutolewa, nilikuwa nawatumikia nyie," mama mkwe alisema.

"Anayefuata," mshauri aliita.

Fundi alikwenda siku iliyofuata ya ushauri, bila kunyoa, na suruali ya kazi. Alisema yote kwa sauti ya kusikika mpaka ngazini, na alipomaliza alikuwa analia, naye hajali nani anatazama. Ingekuwa hadithi ya kupoza roho, ningekwambia kabati lilifunguliwa. Mshauri alimsikiliza, akampa pole, akamwambia kwamba kwa kuwa mara ya kwanza bwana alisema wanaulizia tu, halafu mzazi akaamuru kitolewe, halafu mzazi huyohuyo akataka kiwekwe, familia haina msimamo. Na kwa kuwa wanataja mambo ya tumbo, atahitajika daktari aliyeshona. Daktari aliyeshona alihamishwa zamani. Jambo lao limepelekwa kwa kamati ya hospitali. Kamati itakaa.

Kwa sasa fundi analala kwenye mkeka sebuleni, chini ya televisheni. Watoto wameambiwa baba anakoroma. Alinunua mipira dukani, msusi akaitia kabatini, akasema hawezi kuning'iniza roho yake kwenye kitu ambacho huwa kinapasuka. Wanapishana mlangoni kwa adabu kama wapangaji. Siku zake zikichelewa kidogo tu, msusi anasuka huku mikono imekufa ganzi, na Kimbaombao anampokea kichwa cha mteja katikati bila kuuliza.

Mama mkwe anakuja saluni mara kwa mara. Hajaomba radhi, wala hajaombwa. Mara moja alimwambia mwanawe kwamba wangemweleza mapema angenyamaza, na msusi, aliyekuwa akisikia, hakuamini neno hata moja, akamkaribisha chai. Sasa mama huyo anakwenda nyumba kwa nyumba, kwa magoti yake hayohayo, kuwaambia wake wa watu wasikubali kwenda kutoa chini kabla hawajaona kwa macho kipya kimeshikwa mkononi. Wengine wanamsikiliza. Wengine wanaficha mikono.

Wakati huohuo kamati imetangaza jambo. Utaratibu ule, ambao ulikuwa wa majaribio, wanataka kuufanya wa kudumu. Sindano za uzazi wa mpango zitapanda juu kwa mshauri. Vidonge vitapanda juu. Kabla ya kupitisha wanatakiwa, kwa kanuni zao wenyewe, kupokea maoni ya watu, na maoni yanapokelewa mpaka Ijumaa, katika ukumbi wa mikutano, asubuhi. Wanategemea ukumbi utakuwa mtupu. Mara zote walizopitisha amri za namna hii ukumbi ulikuwa mtupu, na kwenye kumbukumbu wakaandika: hapakuwa na pingamizi.

Huko kwako pia kuna ukumbi, na kuna Ijumaa. Usinitumie salamu za pole kwa msusi, hazimzuii mtu kushika mimba. Kama wewe ni mwanamume, nenda useme kwa mdomo wako lile ambalo fundi alilimeza siku ya kwanza, uliseme wakati linafaa. Kama wewe ni mama wa mtu, kaa kiti cha mbele. Kama unajua daktari, mshike shati mwende naye. Funga duka, omba ruhusa kazini, wakikunyima nenda bila ruhusa. Simama useme kwa sauti kwamba unapinga, na usikae mpaka umeona kalamu ikiandika. Nenda sasa.